Jumamosi Nyingine

Jumapili, 28 Septemba

Lazarus ameniambia niandike. Yeye ndiye mwalimu wa gofu pale klabuni, na sasa maarifa yake juu yangu yamekwisha. Amenibadilishia namna ya kushika fimbo. Ameniambia nifumbe macho. Ameniambia nivute pumzi, nitoe pumzi. Leo akaketi kwenye nyasi, akanitazama.

"Daktari, mkono hauna shida. Shida iko juu." Akagusa kofia yake. "Andika kila kitu inapita kwa kichwa. Weka kitabu kwa begi ya fimbo. Mimi usinionyeshe."

Haya. Naandika.

Ugonjwa wangu sijui unaitwaje kwa Kiswahili. Nikiwa mbali na shimo niko sawa, mpira unaenda ninakotaka. Nikifika karibu – hatua moja tu, pale ambapo hata mgeni wa mchezo angeusukuma ukaingia – mkono wa kulia unaruka. Unaruka wenyewe, kama umeguswa na waya wa stima. Mpira unapita pembeni. Halafu watu wanatazama viatu vyao.

Ulianza Agosti. Nilidhani utapita.

Mimi ni daktari wa meno. Mikono hii ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 30 Septemba

Baba amepiga simu. Ameshaandikisha majina yetu kwa mashindano ya wawili wawili. Mutie na Kasiva, baba na binti, kama kila mwaka. Nilitaka kumwambia atafute mwenzake mwingine. Sikuweza. Alikuwa na furaha mno.

Mchezo wenyewe ni mpira mmoja kwa watu wawili. Baba anapiga, mimi napiga, Baba, mimi, mpaka shimoni. Mkishindwa mmetoka. Mkishinda mnarudi Jumamosi nyingine kukutana na wengine.

Kwa hivyo kosa langu ni kosa lake. Mzee wa miaka sabini na saba, mpima ardhi wa serikali aliyestaafu, anajua kila mche wa uwanja ule. Alinifundisha kushika fimbo kabla sijajua baiskeli. Sasa nitamwaibisha mbele ya marafiki zake.

Jioni akapiga tena. Kuniambia kwamba ametuandikisha. Furaha ileile, maneno yaleyale. Nikasema ndiyo Baba, nimesikia, asante.

Amezeeka tu. Ama ni hiyo furaha.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimetandika zulia la kijani kwenye korido ya kliniki. Wagonjwa wakiisha nafanya mazoezi na glasi tupu iliyolazwa. Mpira unaingia. Unaingia tena. Nikaanza kuimba.

Msichana wa mapokezi akachungulia kuaga. Mkono ukaruka. Mpira ukagonga mlango wa choo.

Kwa hivyo ni watu. Ama ni mimi nikiwa na watu. Sijui tofauti yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumeshinda. Naandika hivyo kwanza kwa sababu yanayofuata si ya ushindi.

Wapinzani walikuwa mume na mke wa Lavington, watu wapole. Kwenye mchezo huu mpira ukiwa karibu sana na shimo mpinzani anaweza kukupa – anasema "chukua," unauokota bila kuupiga. Walinipa mara mbili. Mara ya tatu nikaupiga mwenyewe, mkono ukaruka, na mwanamke akaona. Nilimwona akiona. Kutoka hapo hawakunipa tena. Sio ubaya. Ndio mchezo.

Shida ni kwamba Baba anacheza vizuri mno. Anatoka mbali kabisa na kuulaza mpira hatua moja kutoka shimoni. Wote wanapiga makofi. Halafu wananigeukia mimi. Afadhali angekuwa anaharibu.

Mbugua alikuja kumbebea Baba begi. Mzee Mbugua mwenye nyumba za kupangisha huko Uthiru, rafiki wa Baba tangu sijazaliwa. Nikauliza kwa nini Baba asikodi kedi, wabeba mabegi wako wengi. Akasema anahitaji mazoezi ya kutembea. Anatembea mbele ya Baba kila mara. Anamnong'onezea sana.

Tulishinda kwa sababu Baba aliingiza mpira wa mbali kwenye shimo la mwisho. Akanikumbatia. "Mkono wako leo ulikuwa mzuri," akasema. Nilikuwa nimekosa vibaya mara tano. Nikadhani ananihurumia. Nimelia ndani ya gari, hapo kwenye maegesho, na watu wanapita na mabegi yao.

Jumatano, 15 Oktoba

Hili ndilo nililoliogopa.

Mama mzee wa hapa Parklands, mgonjwa wangu wa siku nyingi. Jino la nyuma. Sindano iko mkononi, mdomo wake umefunguka, macho yake kwangu, ananiamini. Na nikawaza: je, mkono ukiruka sasa?

Haukuruka. Ulitulia kabisa. Lakini sikuweza kuusogeza. Nilisimama pale na sindano hewani mpaka msaidizi akaniita jina. Nikasema nimepata kizunguzungu. Nikamwita Joash, daktari mwenzangu, akamalizia.

Baadaye Joash akaniuliza kama ninalala vizuri. Nikamwambia ni gofu. Akacheka. Akaona sicheki, akaacha.

Si gofu tena. Limetoka uwanjani. Limenifuata mpaka hapa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Kliniki imefungwa. Mbugua alinipigia asubuhi akasema anataka kuninunulia nyama Kenyatta Market. Hajawahi kunialika popote peke yangu. Nilijua si nyama.

Tukaketi. Mbavu zikaja kwenye ubao, kachumbari, ugali. Wasusi wanavuta wateja huku na huku, moshi unaingia machoni. Alikula kidogo akanawa mikono.

"Kasiva, nataka kukuuliza kitu. Wewe unamwonaje babako?"

Nikasema yuko vizuri, anacheza kuliko mimi.

"Anacheza, ndiyo. Mwili unacheza." Akausogeza ubao kando. "Lakini anapotea. Toka mwaka jana. Akimaliza shimo hajui linalofuata liko wapi, ndiyo unaona natembea mbele. Alama zake ni mimi naandika. Akirudia hadithi, sisi wazee tunacheka upya. Tumeelewana hivyo."

Nilimwuliza kwa nini hawakuniambia.

"Tulifikiri unajua. Si wewe ni daktari?"

"Wa meno," nikasema.

Akaniambia na jambo la pili. Mwezi uliopita Baba alipiga mpira wakati watu bado wako mbele. Ukampita mwanamke mmoja sikioni. Kamati ikakutana. Wamemheshimu, yeye ni mwanachama wa zamani sana – amalize mashindano haya, kwa kuwa mimi niko naye na Mbugua yuko naye. Siku tutakayotolewa, ndiyo siku yake ya mwisho uwanjani. Mbugua ndiye aliyewaomba hivyo.

"Kwa hivyo shindeni," akasema. Akajaribu kutabasamu.

Nilianza kurudi nyumbani kwa miguu; nilipofika Adams Arcade nikakumbuka gari nimeliacha sokoni.

Hapo njiani nikakumbuka na Agosti. Ile siku ya kwanza. Tulikuwa kwenye grini ya shimo la tisa, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, nyuma ya jengo la klabu, unaona mpaka madirisha ya mgahawa. Baba akaniuliza, "Hili ni shimo la ngapi?" Nikacheka, nikadhani ni mzaha. Nikainama kusukuma mpira.

Mkono ukaruka.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemaliza wagonjwa mapema nikaenda Uthiru kwa wazazi wangu. Baba alikuwa amelala kitini, redio inaongea peke yake. Mama alikuwa barazani anachambua ndengu. Nikaketi nikaanza kuchambua naye. Sikujua pa kuanzia. Akaanza yeye.

"Mbugua amekwambia."

"Mama, ungeniambia wewe."

"Nilikatazwa." Aliendelea kutupa mawe kando. "Aliambiwa Julai. Daktari alimwambia wazi na mimi nikiwepo. Wakampima damu, wakampiga picha ya kichwa. Tulipofika hapa kwa lango akasema, Kasiva asijue mpaka tumalize mashindano. Akijua hatacheza. Atakuwa ananiangalia tu."

"Na sasa yeye mwenyewe anajua?"

Mama akaacha ndengu. "Kesho yake aliniuliza kwa nini ana plasta kwa mkono. Nikamwambia amejikwaruza. Kasiva, ningemwambia tena? Nione ule uso mara ya pili?"

Tulichambua mpaka zikaisha.

Baba akaamka, akanikuta, akafurahi kana kwamba nimetoka ng'ambo. Akaniambia habari njema: ametuandikisha kwa mashindano. Nikamwambia tayari tumeshinda raundi ya kwanza. "Wacha," akasema. Akacheka mpaka akakohoa. Akataka nimsimulie shimo kwa shimo. Nikamsimulia. Makosa yangu nikayaruka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Silali. Nikilala naota grini.

Nahesabu kitu ambacho mtu hapaswi kukihesabu. Tukishinda Jumamosi hii tuna nusu fainali. Tukishinda hiyo tuna fainali. Basi. Hizo ndizo siku zilizobaki za mimi na Baba uwanjani, na zinapitia kwenye mkono huu wa kulia.

Zamani nikikosa ilikuwa aibu. Sasa nikikosa namfungia mlango.

Mungu, uchukue mchezo wangu wote. Niachie hatua moja tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilitapika nyuma ya choo cha wanawake kabla hatujaanza. Nikanawa, nikapaka lipstiki.

Wapinzani wawili wa benki, wanaume, wanavaa miwani ya jua inayong'aa kama kioo. Hawakunipa hata mpira mmoja. Kufika katikati walikuwa wanatabasamu kila Baba alipoulaza karibu. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake wasiwe na wasiwasi, yule mama hawezi.

Hawakukosea. Nilikosa. Nikakosa. Nilijaribu kushika kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu kutazama shimo badala ya mpira. Nilijaribu kutamka majina ya meno yote kutoka mbele kwenda nyuma. Kwenye shimo la kumi na tano mpira ulikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuupuliza ukaingia. Mkono ukaruka.

Baba akaja akasimama kando yangu. Sijawahi kumwona akikasirika uwanjani, na nilitaka akasirike. Akasema kwa Kikamba, polepole, kwamba nyasi zimekatwa vizuri leo. Ndilo alilosema tu. Akageuka akamuuliza Mbugua waelekee wapi.

Mipira ya mbali ya Baba ilitufikisha mwisho tukiwa sawa kwa sawa, tukaenda shimo la ziada, na huko wapinzani wakapiga mpira wao mtoni. Tumeshinda kwa hilo. Mto umetushindia.

Nimerudi nyumbani nikiwa na mwili wa mtu aliyepigwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Joash amenipa vidonge. Vya moyo, vinapunguza mapigo, wanamuziki huvitumia wakipanda jukwaani, amesema. Nikameza kimoja nikaenda klabuni saa za mchana. Nikamwita Lazarus anitazame kwa makusudi.

Mkono haukuruka. Mpira ukaingia, ukaingia, ukaingia. Lazarus akapiga makofi.

Na mimi sikuhisi chochote. Ilikuwa kama kumtazama mwanamke mwingine kwa dirisha. Mpira unaingia, sawa. Ungekosa, sawa pia. Mbugua akapita akanisalimia nikamjibu kama napokea simu ya ofisini.

Nikafikiri: hivi ndivyo nitakavyokuwa siku ya mwisho na Baba? Sipo?

Vidonge nimevimwaga chooni. Sijui kama nimefanya busara au ujinga. Nilipofika kwa gari mapigo yalikuwa yanaanza kurudi.

Jumapili, 2 Novemba

Baada ya kanisa nimempeleka Baba klabuni kutembea tu, bila fimbo. Mvua za vuli zimeanza, nyasi zimelewa maji. Nilitaka kumwambia kwamba najua. Nilikuwa nimepanga maneno.

Tulipofika kwenye mikaratusi ya kando ya uwanja akasimama. Akaniambia mwaka walipoipanda, na nani alishika kamba ya kupimia, na jinsi walivyobishana juu ya mstari. Kila kitu. Halafu akanitazama kwa muda. Niliona anatafuta.

"Wewe ni Kasiva," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Najua." Lakini alishusha pumzi aliposema.

Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Novemba

Kesho. Nimeghairi wagonjwa wote wa leo.

Fidel, ndugu yangu, amepiga kutoka Toronto. Nimemweleza yote. Akasema mwambie mzee ukweli, ana haki. Kisha akasema usimwambie, kwa faida gani. Kisha nikasikia mtu anapenga kamasi mbali kabisa.

Sina cha kuandika. Mkono unaandika vizuri tu. Uutazame.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwenye kibanda cha mvua kando ya grini ya kumi na nane. King'ora cha radi kimelia tukiwa katikati ya kila kitu. Tumekimbilia hapa wote: mimi, Baba, Mbugua, na wapinzani, Kibe na mkewe Waithera. Kibe anatembea huku na huku. Waithera amevua viatu anakamua soksi.

Kuandika ndiko kunaniweka kitini. Kwa hivyo naandika.

Tuko sawa kwa sawa. Shimo la mwisho. Wao wamemaliza kwa mapigo sita. Mimi nilianza, Baba akafuata, mimi nikaufikisha kwenye grini, Baba akausukuma kutoka mbali – ukaja unateleza kwenye maji, ukasimama hatua moja kutoka shimoni. Sasa ni pigo la tano, langu. Nikiingiza tuko fainali. Nikikosa Baba ataumalizia na tunakwenda shimo la ziada, na mimi siwezi shimo la ziada. Siwezi.

Niliweka alama pale mpira ulipokuwa, nikauokota, nikampa Baba aushike maana mifuko yangu imejaa maji. King'ora kikalia.

Leo nimekosa mara mbili na kuingiza mara moja. Hiyo moja sijui niliipigaje. Nilikuwa namtazama Baba asije akaenda upande wa shimo la nne.

Ameketi kando yangu. Ameniuliza tunacheza na nani. Nikamwambia.

"Kibe ni mchezaji," akasema. "Nani anaongoza?"

"Tuko sawa, Baba. Shimo la mwisho."

"Wacha!" Akapiga goti lake. "Basi huu ni mchezo mzuri."

Ameniuliza tena baada ya muda kidogo. Nikamjibu. Akapiga goti tena. Waithera aliinua macho kutoka kwenye soksi, akamtazama, akanitazama. Nafikiri ameelewa. Akarudi kwenye soksi zake.

Mara ya tatu nilingoja aulize. Nilikuwa namtaka aulize. Uso wake ulivyong'aa – mimi nimebeba uwanja huu tumboni mwezi mzima, na yeye kila baada ya dakika chache anapewa upya shimo la mwisho, sawa kwa sawa, na binti yake.

Mvua inapungua. Mbugua amekwenda mlangoni kutazama mawingu. Amerudi akaninong'oneza nisimwache Baba asimame karibu na mpira, anaweza kuchanganya zamu. Mtu akipiga kwa zamu ya mwenzake, shimo limekwenda kwa wapinzani. Na shimo hili ndilo mchezo. Nikamwambia najua sheria.

King'ora. Tunarudi.

Hapana.

Kiti kiko wazi. Nilikuwa nimeinamia kitabu. Baba yuko kwenye grini tayari, peke yake, bila mwavuli. Ameuweka mpira kwenye alama, ameondoa alama, amefanya kila kitu sawasawa. Ameshika fimbo fupi. Yangu. Anapima mteremko kwa macho vile alivyonifundisha.

Kibe ameona. Amefungua mdomo, na Waithera amemshika mkono wa koti.

Mbugua amesimama juu yangu. "Daktari, ni zamu yako. Mwambie." Haniambii kwa ukali. Yeye mwenyewe angeweza kupaza sauti. Hapazi.

Na kalamu bado iko mkononi kwa sababu sijui kusimama.

Baba ameinua kichwa. Amenitafuta kwenye kibanda mpaka akaniona. Anapunga mkono nikamshikie bendera ya shimo, kama nilipokuwa mdogo na kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Amenitaja jina. Hakulitafuta.

Ameinama tena. Mikono yake imetulia kabisa. Akipiga yeye, tumetoka, na hili ndilo pigo lake la mwisho uwanjani.

Nikiita sasa, atasikia.